Kabati Lililotoka Kabla ya Maiti

Sura ya Sita

Siku chache baada ya mazishi, Inspekta alimkuta binti mkubwa wa marehemu akichagua mapazia. Alikuwa ametandaza vipande vya kitambaa juu ya chaga za kitanda kile kile alichofia baba yake, pale pale kwenye chumba cha kulia, akilinganisha kijani na kijani kingine. Godoro lilikuwa limetupwa kwa sababu lilinuka. Kitanda kilibaki kwa sababu hakuna aliyekitaka.

"Karibu, afande," alisema bila kugeuka. "Samahani kwa fujo. Nyumba ya msiba unaijua."

"Naijua," Inspekta alijibu. "Kwa kawaida haina mapazia mapya."

Kituoni walimwita Ndimu, kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye mbele yake walipoona hajali. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa mwili na wa maneno, na hakuwa na tabia ya kukaa alipokaribishwa kiti. Nyuma yake alisimama sajini wake, mtu mnene mwenye huruma nyingi, ambayo Inspekta alimkataza kuitumia saa za kazi.

Kesi yenyewe, kwa kuitazama juu juu, ilikuwa imeshakwisha. Mzee wa nyumba hii alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa nao. Kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi, wanawe walimshushia kitanda kwenye chumba cha kulia na kumwajiri mlezi wa kumlisha, kumwogesha na kumnywesha. Jumatatu alikutwa amekufa kitandani, mkono wa kushoto, ule mzima, una alama ya kufungwa. Daktari aliyempasua alisema mzee alifariki Jumapili na kilichomuua ni kiu. Mlezi alitiwa mbaroni siku hiyo hiyo. Kesho asubuhi alikuwa apelekwe mahakamani kwa kosa la kuua, na kwa kosa hilo mtu harudi nyumbani upesi.

"Turudie kidogo," Inspekta alisema. "Ijumaa ilikuwaje?"

"Afande, nimeeleza mpaka mate yamekauka." Binti aliweka kitambaa chini. "Ijumaa yule mlezi alimfunga baba mkono kwa mtandio wake mwenyewe, akafungia maji, chakula na dawa kwenye kabati, akaondoka na ufunguo. Hakurudi tena. Sisi tuna maisha yetu, tulijua mgonjwa ana mtu. Jumatatu tunafika, baba maiti. Basi."

"Yeye anasema wewe ndiye uliyemwambia aondoke akapumzike mpaka Jumatatu."

"Ulitaka aseme nini? Aseme nimeua?"

"Na ufunguo anasema aliuacha kwenye kitasa, unakokaa siku zote."

"Basi uonekane." Binti alifungua viganja vyake vyote viwili, vitupu. "Uko wapi?"

Hapo ndipo kesi ilipokwama tangu mwanzo, neno la huyu kwa neno la yule, na neno la mwenye nyumba lilisikika vizuri zaidi kituoni kuliko la mlezi wa kuajiriwa. Inspekta hakubishana. Alikuwa anautazama ukuta.

Rangi ya ukuta ule ilikuwa imepauka kwa miaka na kwa moshi wa vyakula, isipokuwa sehemu moja ndefu, iliyokaribia kimo cha kiuno, ambako rangi haikuwa imepauka. Sakafuni chini yake vigae vilikuwa na alama za miguu ya kitu kizito.

"Hapa ndipo lilipokaa hilo kabati?"

"Ndiyo. Kabati la vyombo la marehemu mama. La zamani sana, la mvule, milango ya kuchongwa. Nimeliuza."

"Lini?"

"Baada ya mazishi. Kila nikilitazama nilikuwa namwona baba."

"Pole. Ukaliuza likiwa limefungwa, bila ufunguo?"

"Walilibeba hivyo hivyo. Watajua wenyewe huko."

Inspekta alitikisa kichwa kwa upole wa bandia. Mfukoni mwake mlikuwa na picha aliyoipiga askari wa kwanza kufika siku ya Jumatatu, maiti bado iko kitandani. Alikuwa ameitazama jana yake mpaka macho yakamuuma. Nyuma ya kitanda, kwenye picha hiyo, ukuta ulikuwa mtupu na ile sehemu isiyopauka ilionekana wazi. Kabati lilikuwa limeshaondoka, mzee hajaondoka. Hakuitoa picha. Mwongo akionyeshwa ushahidi mapema hupata muda wa kujipanga, naye hakuwa na nia ya kumsaidia mtu kupanga uongo wake.

"Nani alilinunua?"

"Bwana Kale, yule wa samani za zamani. Duka lake huwezi kulikosa, liko nyuma ya soko."

Mlango wa jikoni ulifunguka, akaingia kitindamimba wa marehemu. Alikuwa jitu la mtu, mabega yamejaa mlango, lakini alitembea akijibana kando kana kwamba ameingia bila ruhusa. Alimsalimia Inspekta huku anatazama viatu vyake.

"Mdogo wangu, usisimame hapo kama mlingoti. Mletee afande maji."

Kitindamimba alishtuka. Alikwenda, akarudi na glasi iliyojaa mpaka juu, akainama aiweke kwenye ubao wa dirisha.

"Kisosi!" dada yake alifoka.

Yule mtu mzima aliruka. Maji yalimwagika kwenye shati lake. Alirudi jikoni mbio, akaja na kisosi, akakiweka kwanza, kisha glasi, kisha akafuta ubao kwa mkono wa shati lake, akafuta tena.

"Mna nidhamu na mbao," Inspekta alisema.

"Mama alitulea hivyo," alijibu binti, akarudi kwenye mapazia yake.

Inspekta aliyaacha maji bila kuyagusa.

*

Duka la Bwana Kale lilikuwa refu na jembamba, na karibu kila kilichokuwemo kilikuwa kikongwe cha mwezi uliopita. Nyuma kabisa, uani, fundi mmoja alikuwa anakipiga kikabati kipya kwa mnyororo wa chuma, kwa bidii, huku anapiga mluzi.

"Hicho kimekosa nini?" aliuliza sajini.

"Anakizeesha," alisema Bwana Kale. Alikuwa kizee nadhifu mwenye miwani ya kamba, mcheshi wa kuudhi. "Kwanza mnyororo, halafu msasa, halafu maji ya majani ya chai, halafu matundu ya wadudu kwa keekee ndogo. Wateja wangu hawataki kitu kipya, afande. Wanataka kitu kilichoteswa."

"Na la yule mzee aliyefariki?"

"Ah! Lile ni la kweli. Lile halihitaji kuteswa." Aliwaongoza kati ya viti na vioo mpaka kwenye ukuta wa mwisho. "Njooni mwone mambo."

Hata sajini, ambaye nyumbani kwake vyombo vilikaa kwenye ndoo, alinyamaza. Lilikuwa kabati refu la kimo cha kiuno, jeusi kwa uzee, lenye miguu iliyokerezwa, droo katikati na mlango wa kuchongwa kila upande. Kila mlango ulikuwa na bamba dogo la shaba lililozunguka tundu la ufunguo. Lilipendeza kweli. Inspekta alilichukia papo hapo, na hakujisumbua kuficha.

Alipiga magoti mbele ya mlango wa kulia. Kuzunguka bamba la shaba mbao ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Mikwaruzo ilikuwa mingi, mifupi, mingine imechimba mpaka kwenye nyama ya mti.

"Hii ni nini?"

"Uzee huo," Bwana Kale alijibu bila hata kufikiri. "Fundi wangu ameongeza kidogo. Mikwaruzo ni mali, afande."

Inspekta aliinuka, akaenda uani, akakitazama kikabati kilichokuwa kinapigwa. Alama za mnyororo zilikwenda huku na huku, pana, zimetawanyika kila mahali. Akarudi. Alama za tundu la ufunguo zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, na zote zilipanda kutoka chini kuja juu, zimeegemea upande mmoja.

"Bwana Kale, huyu fundi wako anafanya kazi akiwa amelala chini?"

"Hapana."

"Ana mkono mmoja?"

"Afande, unanitania."

"Wewe ndiye uliyeanza."

Bwana Kale alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sawa. Lilikuja nayo hiyo mikwaruzo. Nilipolikagua mara ya kwanza haikuwepo. Nilimlalamikia sana yule binti, akanipunguzia."

Inspekta alinyoosha mkono nyuma, na sajini akampa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kijiko cha chai kilichopinda mpini, alichokiokota sajini chini ya kitanda siku ya Jumatatu na ambacho hakuna aliyejua kina kazi gani. Ncha ya mpini ilikuwa na uchafu wa rangi ya kahawia. Aliisogeza ncha hiyo kwenye mkwaruzo mmoja, ikakaa.

Daktari naye alikuwa ametaja uchafu wa kahawia chini ya kucha za mkono wa kushoto wa marehemu. Alidhani ni ugoro. Mzee hakuwa mtu wa ugoro. Ilikuwa vanishi ya kabati.

Kisha Inspekta alifanya jambo lililomfanya sajini atazame pembeni kwa adabu. Alilala chini, sakafuni, kwa ubavu wa kulia, mkono wa kulia ameukunja chini ya mwili wake kama kitu kisichokuwa chake. Alijikokota hivyo, akanyoosha mkono wa kushoto na kijiko ndani ya mfuko. Ncha ilifika kwenye tundu la ufunguo kutokea chini. Ilifika kwa shida, na kila alipokwaruza, alama ilikwenda upande ule ule.

"Alishuka kitandani," alisema akiwa bado amelala. "Akajiburura mpaka hapa. Akajaribu kuvunja kitasa kwa kijiko. Maji yalikuwa nyuma ya huu mlango, anayajua yalipo."

"Masikini," alisema sajini.

"Masikini utasema jioni. Sasa niambie, mkono wake ulikuwa umefungwa?"

"Hapana. Asingeweza."

"Binti anasema mlezi alimfunga Ijumaa, akaondoka, hakurudi. Aliyefungwa mkono wake pekee mzima hakwaruzi kabati."

"Labda alikwaruza kabla ya kufungwa, mlezi akiwa bado yupo."

"Mlezi akiwepo angeashiria maji akapewa. Mtu havunji kitasa wakati mwenye ufunguo amekaa hapo." Inspekta aliinuka, akajipangusa magoti. "Na kuna jingine. Mtu aliyekufa nusu ya mwili anaweza kuteremka kitandani, ataanguka tu. Kupanda je?"

Sajini alifikiri. Uso wake ulibadilika taratibu. "Tulimkuta kitandani."

"Tulimkuta kitandani. Basi kuna mtu aliyekuja, akamkuta sakafuni, akamwinua, akamrudisha, ndipo akamfunga. Na mzee alikuwa mzito. Si kazi ya mtu mmoja."

Bwana Kale alikuwa amesikiliza yote, ucheshi umemtoka. Inspekta alimgeukia, akaonyesha kitasa cha mlango wa pili. Ufunguo ulikuwa umo ndani yake, mkubwa, wa shaba, umefungwa uzi mwekundu uliofifia.

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa mwenye kabati. Mmoja unafungua milango yote miwili."

"Yeye anasema ulipotea."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Nikamwambia sawa, mama, biashara imekufa. Vijana wangu nikawaambia walishushe." Bwana Kale alijivuna kidogo, kazi yake ilimrudishia sauti. "Kabati la zamani bila ufunguo wake halisi kwangu ni sanduku la mkaa. Mteja wangu wa kwanza atauliza ufunguo. Alipoona nimekaza, akafungua mkoba wake, akautoa humo humo kwenye funguo zake za gari."

"Siku gani?"

"Jumatatu asubuhi, tulipokwenda kulichukua. Tulikubaliana tangu wiki ya nyuma yake."

"Mzee alikuwepo?"

"Alikuwepo, kitandani, kafunikwa shuka mpaka masikioni, uso kaelekeza ukutani. Binti akatuomba tusipige kelele, mzee amepata usingizi kwa taabu. Tukavua viatu, afande. Tulinyata. Mimi mwenyewe niliwafokea vijana walipogonga mlango." Alimtazama Inspekta, kisha sajini. "Kwa nini mnaniangalia hivyo?"

"Mzee alikufa Jumapili," alisema Inspekta.

Bwana Kale alitafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kiti chenye kibandiko cha bei. Mtu wa dukani alileta chai kwa wageni, akaiweka juu ya meza, akatoka. Ilikuwa ya moto sana, Inspekta akaiacha ipoe.

Fundi alikuwa amemaliza na mnyororo. Alikuja na bakuli na kitambaa, akaanza kusugua sehemu ya juu ya kabati, ambako kulikuwa na duara mbili tatu nyeupe.

"Hizo alama ni za nini?"

"Glasi za maji," Bwana Kale alisema kwa sauti ndogo. "Yule mlezi alikuwa anaweka glasi mbichi juu ya mbao. Nilipokwenda kuliona mara ya kwanza nilimwambia binti waziwazi kwamba doa moja zaidi, silichukui."

"Ukamwambia hivyo?"

"Ni maneno ya biashara, afande. Wauzaji wote nawaambia."

"Na anachosugulia huyu ni nini?"

"Majivu na mafuta ya kupikia."

Inspekta alisogea. Fundi alizungusha kitambaa, akafuta, akazungusha tena. Duara la kwanza lilififia, likapotea, mbao ikang'aa nyeusi kama hapajawahi kuwekwa kitu. Kisha la pili. Chai bado ilikuwa inatoa mvuke.

"Ulijua linatoka."

"Afande," alisema Bwana Kale, na kwa mara ya kwanza aliona haya, "ningesema linatoka, ningenunua kwa bei gani?"

*

Mlezi aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa, macho yamevimba. Inspekta hakumpa pole. Aliweka ufunguo mezani.

"Unaujua?"

"Wa kabati. Huo uzi aliufunga marehemu mama, mzee mwenyewe alikuwa anaushika shika. Mliupata wapi?"

"Ijumaa uliuacha wapi?"

"Kwenye kitasa. Haukutoka pale kamwe. Mzee akitaka maji alikuwa ananionyesha mlango wa kulia, jagi lilikaa chini, ndani ya mlango." Alisita. "Dada mkubwa alikuwa mkali siku ile kwa sababu ya madoa. Akaniambia nenda kapumzike, sisi tupo. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi."

"Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu?"

Uso wa mlezi ulichangamka ghafla, ikawa vigumu kuutazama. "Sana! Mimi ndiye niliyemfundisha, afande. Miezi mizima. Mwanzo hakuweza hata kushika leso, nikampa kijiko, kila siku kijiko, mpaka akaweza kujilisha mwenyewe. Alikuwa hakiachi. Hata kulala alilala nacho."

Sajini alitoka nje ya chumba bila kuomba ruhusa. Inspekta alimwacha aende.

*

Kitindamimba alikalishwa peke yake kwenye chumba chenye meza ya mbao tupu. Mezani Inspekta aliweka glasi ya maji baridi, bila kisosi, kisha akakaa upande wa pili, akakunja mikono na kunyamaza.

Joto lilikuwa kali. Glasi ilianza kutoa jasho, tone likateremka, likafika kwenye mbao. Kitindamimba aliitazama. Alitazama mlango. Akaitazama tena. Mwishowe mkono wake ulikwenda wenyewe, ukainua glasi, na wa pili ukafuta duara la maji kwa mkono wa shati.

"Wewe na dada yako mlimkuta sakafuni siku gani?" Inspekta aliuliza.

"Jumamosi," alisema, na akajifunika uso.

Baada ya hapo hakuhitaji kuvutwa. Alimwaga yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Dada yake alikuwa amefunga kabati Ijumaa, ili mtu yeyote asiguse glasi wala jagi mpaka Bwana Kale aje. Yeye kitindamimba ndiye aliyetakiwa kupitia na kumpa baba maji kwa chupa. Ijumaa hakupitia. Jumamosi jioni walikwenda wote wawili, wakamkuta mzee chini ya kabati, kijiko mkononi.

"Dada yako alipoingia, alikwenda kwa nani kwanza?"

"Sijaelewa."

"Alikwenda kwa baba yako au kwa kabati?"

Alifuta tena mbao kwa mkono wa shati. "Kabati," alisema. "Alipiga kelele. Alisema, tazama alichokifanya, tazama! Tukamwinua. Mtandio wa yule mlezi ulikuwa kwenye kiti, akamfunga nao asishuke tena."

"Maji mlimpa?"

"Alikuwa anafungua mdomo hivi." Alionyesha, akaona aibu, akaufumba. "Nilitaka kumpa. Dada akasema akinywa atakojoa, akikojoa atahangaika, akihangaika atashuka tena. Akasema kesho."

"Na kesho?"

"Nilidhani atakwenda yeye. Yeye anasema alidhani nitakwenda mimi."

"Jumatatu?"

"Tulimkuta ameshapoa. Nilisema tupige simu, wallahi nilisema. Dada akasema gari la Bwana Kale liko njiani." Alifuta pua. "Tukamgeuza uso ukutani. Walipokwisha kuondoka ndipo tukapiga. Habari ya mlezi dada aliiwaza pale pale, alipouona mtandio."

Inspekta alimsukumia glasi. "Kunywa," alisema. "Hii meza ni ya serikali."

Hakuweza kunywa. Inspekta alitoka, akamwambia sajini amtoe mlezi mahabusu na amtafutie viatu vyake.

"Anauliza aende wapi," alisema sajini. "Alikuwa anaishi kule kule kwa mzee."

"Mkalishe kwenye benchi langu. Mpe chai. Nusu saa hii huruma yako nimeiruhusu."

*

Binti mkubwa aliingia na mkoba wake, akakaa wima, akatazama vitu vilivyopangwa mezani mbele yake. Kulikuwa na kijiko kilichopinda, ufunguo wenye uzi mwekundu, na picha. Inspekta aliongea bila kupandisha sauti. Alimweleza mikwaruzo ilivyokwenda, mkono ulivyokuwa huru, mwili ulivyorudi kitandani, na watu waliovua viatu kumnyatia maiti. Kila alipomaliza jambo alikigusa kitu chake, kisha akahamia kingine.

"Huo ufunguo ni wa akiba," alisema binti.

"Una uzi wa mama yako."

"Kila mtu anaweza kufunga uzi."

"Mdogo wako yuko chumba cha pili. Ameshasaini."

Binti aliukumbatia mkoba wake. Alipoongea, sauti yake haikuwa na hofu. Ilikuwa na hasira ya mtu aliyeonewa.

"Nyie mnaongea tu. Mnajua lile kabati ni kitu gani? Mama alilipangusa maisha yake yote, sisi hatukuruhusiwa hata kulipumulia. Baba hakuacha kitu kingine cha maana, nyumba yenyewe ina deni. Halafu analetwa mtu wa kuja, anaweka glasi mbichi juu yake kama yuko kibandani! Bwana Kale alisimama pale pale mbele yangu akaniambia doa moja zaidi, halichukui. Moja, afande! Wewe ungefanya nini?"

"Ningeweka kisosi," alisema Inspekta.

"Baba alikuwa anakufa hata hivyo. Daktari alituambia ni suala la muda. Doa la maji halitoki milele."

Inspekta alikusanya kijiko, ufunguo na picha, akavirudisha kwenye bahasha kimoja kimoja. Hakuwa na haraka. Kazi hii alikuwa ameifanya kwa miaka mingi, na si mara nyingi alipata nafasi ya kumpiga mtu bila kumgusa.

"Leo nilikuwa dukani kwake," alisema. "Fundi wake alichukua majivu kidogo na mafuta ya kupikia, akasugua. Chai niliyowekewa haikuwahi kupoa."

Binti alimtazama. "Linatoka?"

"Limetoka."

"Yote?"

"Yote. Alijua tangu siku ya kwanza. Wauzaji wote anawaambia hivyo, ili wapunguze bei."

Binti aliinamisha kichwa. Machozi ambayo hayakuonekana kwenye mazishi yalimjaa, yakamwagika mpaka kwenye mkoba uliokuwa mapajani, akalia kwa sauti, mabega yanaruka. Inspekta alivuta karatasi ya maelezo, akashika kalamu, akasubiri ajue kinacholiliwa.

"Ameniibia," alisema binti. "Yule mzee wa samani ameniibia!"

Inspekta aliandika neno hilo kama lilivyotoka, akaigeuza karatasi upande wa binti, akampa kalamu asaini.